Mwongozo kamili: namna ya kumwita kiai, haji, romo au pendeta unapozungumza Kiindonesia

"Halo Syekh, apa kabar? Kamu ada di rumah besok?"

Yaani, "Halo Shehe, habari? Wewe kesho upo nyumbani?" Ujumbe huu niliuona kwenye simu ya kijana wetu mmoja aliyekuwa akisoma Yogyakarta. Alikuwa amemwandikia kiai, yaani mwanachuoni mwenye pesantren (chuo cha dini cha bweni), akiomba kwenda kumsalimia. Sarufi haina kosa, na kila neno limo kwenye kamusi. Lakini kwa Mjava aliyelelewa vizuri, ujumbe ule ni sawa na mtoto wa shule kumwambia babu yake, "Mambo vipi mzee, wewe kesho upo?" Siku mbili zikapita bila jibu, kijana akabaki anajiuliza amekosea wapi.

Tangu hapo nimeona kosa hilohilo kwa watu wengi: wanafunzi, wafanyabiashara wanaoagiza bidhaa Jakarta, mapadri na wachungaji wanaokwenda kutembelea wenzao. Wote wanajifunza maneno ya heshima kama orodha ya vyeo vya kubandika mbele ya jina. Wakishamwita mtu "Pak Kiai" mara moja mwanzoni, wanaona kazi imekwisha, na sentensi inayofuata wanamwambia "kamu", yaani wewe.

Mwongozo huu ni wa kuliondoa kosa hilo, hatua kwa hatua.

## Andaa haya kwanza

- Ukurasa mmoja kwenye simu au daftari wenye safu mbili: mtu, na namna wenyeji wanavyomwita.
- Majibu ya maswali manne kuhusu mtu unayekwenda kuzungumza naye: ni wa dini gani, ni mtu wa kisiwa au mkoa gani, ana umri gani ukilinganisha na wako, na mnakutana kwa shughuli gani.
- Mwenyeji mmoja wa kumuuliza. Anaweza kuwa mwenzako wa bwenini, mama mwenye nyumba, au mtu wa mapokezi.
- Sentensi moja ya kukariri: "Maaf, beliau biasanya dipanggil apa?" Yaani, "Samahani, mzee huyu kwa kawaida huitwaje?"

Sentensi hiyo usiione ndogo. Waindonesia wenyewe huulizana hivyo wanapohama mkoa, kwa sababu Mjava akifika Aceh au Lombok naye hajui aanzie wapi. Kuuliza hakukushushii hadhi hata kidogo.

## Hatua ya 1: Ondoa "kamu" mdomoni

Hapa ndipo penye kazi kubwa kuliko hatua zote, kwa hiyo tukae kidogo.

Kwa Kiswahili, "wewe" imejificha ndani ya kitenzi. Unamwambia baba, "Baba, umekula?" Heshima yote imo kwenye neno "Baba", na ile "u-" haimuudhi mtu. Unamwambia shehe "umeamkaje", unamwambia mtoto "umeamkaje", na hakuna anayesikia dharau.

Kitenzi cha Kiindonesia hakina kiambishi hicho. "Makan" ni kula tu, awe mimi, wewe au yeye. Basi lazima uweke neno la kusimama mahali pa "wewe", na neno utakalochagua ndilo linalosema unamwonaje mtu aliye mbele yako. "Kamu" ni ya rafiki wa rika lako, mdogo wako, au mpenzi wako. "Kau" au "lu" ndiyo usiiguse kabisa. "Anda" ni ya matangazo, fomu na maswali ya mitihani. Ukimwambia mzee "Anda", hutamtukana, ila utakuwa baridi kama karani wa dirishani.

Kinachobaki ni cheo chenyewe. Cheo ndicho "wewe".

"Pak Haji sudah makan?" Neno kwa neno ni "Bwana Haji ameshakula?", lakini unamwambia yeye mwenyewe, uso kwa uso. Maana yake ni "umeshakula?" Vivyo hivyo "Kapan Romo datang ke Jakarta?" ni "Padri, ulifika lini Jakarta?" Na "Ini buku Bu Nyai" ni "Hiki ni kitabu chako", akiambiwa mke wa kiai.

Zoezi: andika sentensi tano za Kiindonesia zenye "kamu". Futa kila "kamu" na uweke "Pak Kiai". Zisome kwa sauti mpaka zikukae mdomoni.

Onyo: sisi tunahofia kurudiarudia cheo kwa sababu kwetu husikika kama kujipendekeza. Kule ni kawaida. Katika mazungumzo ya sentensi tano unaweza kusema "Pak Kiai" mara tano, na hakuna atakayeona umezidisha.

Utajua umefaulu ukijikuta umezungumza na mtu mzima dakika kumi nzima bila "kamu" wala "Anda" kukutoka.

## Hatua ya 2: Shika msingi wa Pak na Bu

Kabla ya vyeo vya dini, jenga msingi. "Bapak" ni baba au bwana, "Ibu" ni mama au bibi mwenye heshima. Kila moja lina umbo refu na umbo fupi, na hayafanyi kazi moja.

Umbo fupi, "Pak" na "Bu", ni la kuitia na la kutangulia jina au cheo: "Permisi, Pak", "Pak Ustaz", "Bu Pendeta". Umbo refu ndilo linalosimama mahali pa "wewe": "Pak, Bapak mau ke mana?" (Bwana, unakwenda wapi?) Katika sentensi hiyo moja "Pak" anaitwa, na "Bapak" ndiye "wewe". Ukilielewa hilo, umeelewa nusu ya adabu ya lugha hii.

Kwa vijana wa Java na Jakarta tumia "Mas" kwa mwanaume na "Mbak" kwa mwanamke. Ukiwa huna uhakika, "Kak" inafaa kwa wote wawili, maana "kakak" ni ndugu mkubwa awe wa kike au wa kiume.

Angalia matamshi. Ulimi wetu hupenda kumalizia neno kwa irabu, tukasema "Paki", "Mbaki", "Masi". Usifanye hivyo. Ile "k" ya mwisho hukatwa kooni, kama mtu aliyeshtuka katikati ya neno. Na usiiache kabisa, kwa sababu "Bapa" bila "k", likisimama peke yake kwenye kanisa la Indonesia, ni Mungu Baba: "Bapa kami yang ada di surga".

Ukikwama mahali popote kwenye hatua zinazofuata, rudi hapa. "Pak" na "Bu" hazimuudhi mtu, awe askofu au mwadhini.

## Hatua ya 3: Weka kando maneno ya nyumbani yatakayokuponza

Waswahili tuna bahati ya kushirikiana na Waindonesia maneno mengi ya Kiarabu na ya kanisani. Bahati hiyo ndiyo inayotuangusha, kwa sababu neno linafanana na kazi yake imehama.

Babu. Usimwite mzee yeyote hivi. Kwa Kiindonesia "babu" ni mtumishi wa kike wa nyumbani, na ni neno la dharau. Babu ni "Kakek", na kwa Wajava ni "Mbah".

Dada. Ni kifua. Msichana wa dukani ukimwita "dada" kwa nia njema kabisa, utamwona ameduwaa. Sema "Mbak" au "Kak".

Bibi. Ni shangazi au mama mdogo, na katika miji mingi ndivyo anavyoitwa msaidizi wa nyumbani, kwa kifupi "Bi". Bibi mzaa mama ni "Nenek".

Shehe. Kwetu "shehe" anaweza kuwa imamu wa msikiti au hata jirani unayemtania kijiweni. "Syekh" ya Indonesia imekaa juu zaidi, aghalabu kwa mwanachuoni mkubwa na hasa mgeni kutoka nchi za Kiarabu. Kiai wa kijijini akiitwa "Syekh" na mgeni, hajui acheke au akatae.

Haji. Zanzibar, Haji ni jina la mtu, amepewa siku ya saba na bado hajaiona Makka. Indonesia nako lipo kama jina, lakini ukisema "Pak Haji" kila mtu ataelewa kwamba amehiji. Kama jina lako ni Haji, jitayarishe kulieleza mara nyingi.

Pasta. Hapa Wakristo wetu wengi huteleza. Kwetu "pasta" ni mchungaji wa makanisa ya kiprotestanti. Kule "Pastor" kwa kawaida ni padri Mkatoliki, na mchungaji wa kiprotestanti ni "Pendeta". Makanisa ya kipentekoste ya mijini yameanza kutumia "Pastor" kwa wachungaji wao, kwa hiyo sikiliza kwanza.

Sista. Hili halitakusumbua. "Suster" ni mtawa wa kike, na pia ni muuguzi hospitalini, kama tunavyosema sisi. Ila wao wameongeza wa tatu: yaya wa mtoto.

Ente. Wanaojua Kiarabu hudhani hii ni "anta" (wewe) yenye heshima ya lugha ya Qurani. Jakarta "ane" (mimi) na "ente" ni lugha ya maswahiba wa kijiweni. Usimwambie ustaz.

## Hatua ya 4: Kwa Waislamu, tambua ngazi na mkoa

Waislamu ni takriban 87 kati ya kila Waindonesia 100, kwa hiyo utaishi ndani ya hatua hii kuliko nyingine. Usijaribu kuikariri yote kwa siku moja. Chukua ya mkoa unaokwenda.

### Pak Haji na Bu Haji

Huyu ni aliyekwisha kuhiji. Kwenye maandishi utaona "H." mbele ya jina la mwanaume na "Hj." mbele ya jina la mwanamke, hata kwenye kadi ya mwaliko wa harusi na kibao cha duka. Hajah ndilo umbo rasmi la mwanamke, lakini mdomoni watu wengi husema "Bu Haji".

Kwa nini cheo hiki kina uzito? Indonesia hupeleka mahujaji wengi kuliko nchi nyingine yoyote, mwaka 2025 nafasi zake zilikuwa 221,000, na bado foleni katika mikoa mingi imezidi miaka 20. Mtu ameweka akiba kidogokidogo toka ujanani, ameitwa nywele zikiwa nyeupe. Anaporudi, mtaa mzima humwita "Pak Haji" na mara nyingi jina lake la awali hupotea midomoni mwa majirani.

Dukani husemwa hivi:

"Pak Haji, berasnya masih ada?" (Mchele bado upo?)
"Masih. Mau berapa kilo?" (Upo. Unataka kilo ngapi?)
"Dua kilo, Pak Haji."

Miongoni mwa Wabetawi, wenyeji wa Jakarta, utasikia "Bang Haji", kwa kuwa "Bang" ni kaka. Ndivyo anavyoitwa Rhoma Irama, mfalme wa muziki wa dangdut. Kwa Wabugis na watu wa Makassar, "Haji" hufupishwa kuwa "Aji".

Onyo: sokoni utasikia wachuuzi wakimwita "Pak Haji" kila mzee mwenye kofia nyeupe. Hiyo ni lugha ya kuuza. Wewe mgeni usiige. Asiyehiji ukimwita hivyo mbele ya watu, unamlazimisha ajieleze.

### Ustaz na Ustazah

Ni mwalimu wa dini, kuanzia anayefundisha watoto kusoma Qurani hadi mhubiri wa televisheni. Kamusi rasmi huandika "ustaz", watu wengi huandika "ustadz" au "ustad". Unapozungumza, "Ustaz" au "Pak Ustaz" vyote vinafaa, na mwanamke ni "Ustazah" au "Bu Ustazah". Vijana hufupisha wakasema "Tad". Wewe usifupishe mpaka mzoeane.

Cheo hiki ndicho salama kuliko vyote kwa mtu anayefundisha dini ambaye hujajua ngazi yake.

### Kiai na nyumba yake

Kiai ni neno la Java na Madura, na hakuna chuo kinachompa mtu cheo hiki kwa cheti. Watu wa eneo lake ndio wanaompa, wakishaiona elimu yake na uongozi wake, na mara nyingi ana pesantren. "K.H." unayoiona kwenye maandishi ni Kiai Haji.

Mwite "Pak Kiai" au "Kiai". Wanafunzi wake, yaani santri, husema "Yai" kwa kifupi, na aliyezeeka sana huitwa "Mbah Kiai" au "Mbah Yai". Baadhi ya watu wa nyumba ya kiai humwita "Abah". Hilo ni la wa ndani, mgeni asilianze.

Mkewe ni "Bu Nyai". Usiseme "Nyai" peke yake. Zamani za Waholanzi neno hilo lilitumika kwa mwanamke aliyewekwa kinyumba na mzungu, na harufu ile haijatoka yote.

Mtoto wa kiume wa kiai ni "Gus", hata akiwa na miaka sita. Nimemwona mzee wa miaka sabini akiinamisha kichwa na kumwambia mtoto anayecheza na gari la plastiki, "Nggih, Gus" (ndiyo, Gus). Kwa wengine jina hilo hubaki maisha yote: Abdurrahman Wahid, rais wa Indonesia kuanzia 1999 hadi 2001, nchi nzima ilimwita Gus Dur akiwa Ikulu na baada ya kutoka. Binti wa kiai huko Java Mashariki ni "Ning". Madura mtoto wa kiume ni "Lora", kwa kifupi "Ra".

Usimwite mtu "Gus" kwa kuwa ni kijana mcha Mungu. Ni neno la nasaba. Na ukifika Bali utalisikia kwa vijana wa Kihindu. Huko lina njia yake nyingine, lisikuchanganye.

Unapokwenda kumzuru kiai, ziara hiyo huitwa "sowan". Vua viatu mbali na mlango, keti chini kwenye zulia kama wenzako, mpe mkono kwa mikono miwili na uinamie mkono wake, kama watu wa Lamu wanavyofanya kwa masharifu. Mwanamke kwa mwanaume asiye maharimu wake huweka viganja pamoja kifuani. Kisha subiri aulize yeye. Majibu yako yawe mafupi, na cheo kikae mwishoni: "Nggih, Kiai." "Dari Tanzania, Kiai" (natoka Tanzania). "Baru tiga bulan, Kiai" (ni miezi mitatu tu). "Nggih" ni "ndiyo" ya Kijava yenye adabu, na kwa mgeni neno hilo moja hufungua milango.

### Nje ya Java

Hapa wengi hukosea kwa kudhani Kiindonesia ni kimoja kila mahali. Lugha ni moja kweli, ila mwanachuoni ana jina lake kila kisiwa:

- Java Magharibi, kwa Wasunda: "Ajengan".
- Aceh: "Teungku", na wakubwa zaidi "Abu", "Abon" au "Waled".
- Sumatra Magharibi, kwa Waminangkabau: "Buya". Ndiyo "Buya" ya Buya Hamka, mwanachuoni na mwandishi aliyeishi 1908 hadi 1981.
- Lombok: "Tuan Guru".
- Wabanjar wa Kalimantan Kusini: "Guru" au "Tuan Guru". Huko "Guru" si lazima awe mwalimu wa shule.
- Wabugis wa Sulawesi Kusini: "Anregurutta", na katika mazungumzo "Gurutta".

Nje ya maneno kama "Tuan Guru", neno "Tuan" peke yake liache. Lina sauti ya mtumwa na bwana wa kikoloni.

### Habib

Ni mzao wa Mtume, aghalabu wa koo zilizotoka Hadhramaut. Watu wa pwani yetu wanalijua jambo hili bila kufundishwa: Lamu walikuwa naye Habib Swaleh wa msikiti wa Riyadha, na shina ni lilelile la Hadhramaut. Mwite "Habib" au "Bib" ukisikia wengine wanavyofanya. Mwanamke wa nasaba hiyo ni "Syarifah". Usimfanye kila mwenye sura ya Kiarabu kuwa habib, wako Waarabu wa Indonesia wengi wasio masharifu na hawapendi kuvikwa nasaba ya watu.

Utajua umefaulu pale mwenyeji atakapoendelea na mazungumzo bila kukurekebisha, au atakapoanza kukueleza habari za mzee kwa kutumia cheo kilekile ulichotumia wewe.

## Hatua ya 5: Kwa Wakristo, uliza kwanza kanisa

Padri Mkatoliki wa Java ni "Romo", yaani baba. Anatosha kuitwa "Romo" tu, au "Romo" na jina. Padri Y. B. Mangunwijaya, msanifu majengo na mwandishi aliyefariki 1999, anakumbukwa na wote kama Romo Mangun.

Flores mambo hugawanyika: padri wa jimbo ni "Romo", padri wa shirika, kama wale wengi wa SVD (Shirika la Neno la Mungu), ni "Pater". Sumatra, Kalimantan na Sulawesi Kaskazini utasikia zaidi "Pastor". Mtawa wa kike ni "Suster", bradha ni "Bruder", frateri wa seminari ni "Frater", na askofu ni "Bapa Uskup" au "Monsinyur". Aliyekulia parokia ya Tanzania atajisikia nyumbani kwenye orodha hii.

Ila usimhukumu mtu dini kwa neno "Romo" peke yake. Kiai mkubwa wa Java anaweza kuitwa "Romo Kiai", na kiongozi mlei wa Wabudha pia ni "Romo".

Mchungaji wa kiprotestanti ni "Pak Pendeta", na mwanamke ni "Bu Pendeta". Tahadhari: "Bu Pendeta" anaweza kuwa mchungaji mwenyewe, na anaweza kuwa mke wa mchungaji. Uliza kabla hujamwomba ahubiri.

Kwa Wabatak wa Sumatra Kaskazini sema "Amang" kwa mwanaume mwenye heshima na "Inang" kwa mwanamke. Mchungaji ni "Amang Pandita" au "Inang Pandita". Jambo hili linawahusu Walutheri wetu moja kwa moja, maana HKBP, kanisa kubwa la Wabatak, na baadhi ya dayosisi za KKKT ni wanachama wa United Evangelical Mission, na wageni hupishana huku na huko. Timor na Flores mama mtu mzima ni "Mama", kama kwetu.

## Hatua ya 6: Bali, vihara (hekalu la Kibudha) na klenteng (hekalu la Kichina)

Hapa nitapita haraka, kwa kuwa mgeni wa kawaida huhitaji maneno machache tu.

Bali, mtunza hekalu anayekupokea na kukunyunyizia maji matakatifu ni "Jero Mangku". Kuhani mkuu ni "Ida Pedanda", na huyo usimsogelee bila mwenyeji wa kukuongoza. Salamu ni "Om Swastiastu". Ile "Om" ni takatifu, haihusiani na "Om" ya mitaani yenye maana ya anko.

Mtawa wa Kibudha wa madhehebu ya Theravada ni "Bhante", wa madhehebu ya Mahayana ni "Suhu". Katika dini ya Konfusio viongozi wana ngazi zao, kuanzia "Jiaosheng", kisha "Wenshi", hadi "Xueshi". Ukiwa na wasiwasi, "Pak" na "Bu" za hatua ya pili zinakungoja.

## Hatua ya 7: Kaa mbali kidogo na "akhi" na "ukhti"

Kijana Mwislamu wa kwetu akifika Indonesia hudhani "akhi" ni neno salama kuliko yote, kwani ni "ndugu yangu". Lina maana hiyo, lakini lina rangi pia. "Akhi", "ukhti" (dada yangu), "ana" (mimi) na "antum" (ninyi) hutumiwa hasa na vikundi vya daawa, yaani vya kulingania dini, vya vyuo vikuu na vijana waliozama karibuni katika dini. Ukiwa ndani ya kikundi hicho, yatumie, yanapendeza.

Ukiwa pesantren ya watu wa Nahdlatul Ulama, jumuiya kubwa ya Waislamu wa Indonesia, santri wenzako huitana "Kang" na "Mbak", na "akhi" yako itawafanya wakupime wewe ni wa upande gani. "Ukhti" nalo limegeuka kuwa jina la mwanamke mwenye hijabu ndefu, na wapo wanaolitumia kumtania. Mwanamke usiyemjua mwite "Mbak" au "Kak", avae nini asivae nini.

## Hatua ya 8: Mtaje vizuri asipokuwepo, na mwandikie vizuri

Unapomtaja mtu wa heshima kwa wengine, neno la "yeye" si "dia". Ni "beliau". "Beliau sedang mengajar" ni "yuko anafundisha". Marehemu Mwislamu hutanguliwa na "almarhum", mwanamke "almarhumah", na Wakristo wengi hupendelea "mendiang".

Sasa turudi kwenye ujumbe wa kijana wetu. Tulikaa pamoja, tukauandika upya:

"Assalamualaikum warahmatullahi wabarakatuh. Mohon maaf mengganggu waktunya, Pak Kiai. Saya mahasiswa dari Tanzania. Izin bertanya, apakah besok sore Pak Kiai berkenan menerima tamu? Terima kasih banyak, Pak Kiai. Wassalamualaikum."

Angalia mpangilio. Salamu kamili, haikukatwa. Kisha kuomba radhi kwa kumsumbua. Kisha wewe ni nani. Kisha ombi, na halikuulizwa "upo?" bali "je, utaridhia kupokea mgeni?" "Pak Kiai" imetajwa mara tatu, "kamu" haimo. Cheo kimeanza kwa herufi kubwa, na pale kinapokuwa cha kumwita mtu kimetanguliwa na mkato: "Terima kasih banyak, Pak Kiai."

Kwa padri wa Java badilisha salamu tu: "Selamat sore, Romo", na mwisho unaweza kuweka "Berkah Dalem", salamu ya baraka ya Wakatoliki wa huko.

Jibu lilikuja baada ya Isha, neno moja la Kijava: "Monggo." Karibu.

## Hatua ya 9: Pokea jina utakalopewa

Ukishaanza kuwaita watu vizuri, nao watakupa jina. Ukiswalisha mara moja bwenini, kesho wewe ni "Pak Ustaz". Ukivaa kanzu na kofia nyeupe Ijumaa, kuna mzee atakuita "Pak Haji" njiani.

Usikatae kwa ukali, na usinyamaze kama vile ni haki yako. Kwa "Ustaz" sema, "Saya masih belajar, Pak", yaani bado najifunza. Na kama hujahiji, jibu lipo tayari, ndilo wanalolitoa wenyewe:

"Belum haji, Pak. Mohon doanya." Bado sijahiji, mzee. Niombee.

Atakupa mkono, atasema, "Amin."